Koti la Kijani Huko Lisbon

Ungefanyaje ukirudi kutoka matembezini, ukafungua picha ulizojipiga peke yako, ukamkuta mtu yuleyule nyuma yako katika kila moja?

Juzi nilikuwa kwenye kliniki moja hapa ughaibuni, mjini Grand Prairie, nikingoja kuitwa. Kando yangu walikaa mama wa Mombasa, mjane wa miaka kama sabini, na binti yake aliyevaa sare za unesi. Mama alikuwa ametalii Lisbon siku tano, baada ya kuwaambia kaka zake kwamba hahitaji wa kumsindikiza.

"Hebu tazama," alimwambia binti, akikuza picha kwa vidole viwili. "Hapa kanisani. Hapa ngazini. Hapa mtoni. Koti la kijani, kofia imefunika uso. Huyu haangalii mji, ananiangalia mimi."

"Makoti hayo ni mengi, mama."

"Na hapa, mlangoni mwa chumba changu cha hoteli?"

Mama akazima simu, akasema tangu arudi halali, Ayatul Kursi, aya ya kufukuza majini, ameisoma hadi koo limemkauka, na safari ya Istanbul ameifuta. Leo amekuja kuomba dawa ya usingizi.

Mimi, msomi nisiyeamini majini, nilijikuta nimegeuka kuangalia mlango.

Muuguzi wa kliniki alipoliita jina la mama, binti alimshika mkono asiinuke.

"Mama, ni mimi. Wajomba walinituma, nikakufuata siku zote tano."