Huyu ni Damiano Tu

Nilipokuwa mtoto wa miaka saba, kabla sijapelekwa jandoni, nilikuwapo uwanjani Kitangari siku waliporudi vijana wa jando. Nawataja waliokuwapo. Alikuwapo Mzee Hamisi Likwata, mkuu wa jando. Alikuwapo mjomba wangu, Selemani Nakunda, mpiga ngoma kubwa. Alikuwapo mama yangu, Asumini Nakunda, na mdogo wangu Zainabu mgongoni mwake. Alikuwapo pia jirani yetu, Damiano Chilala, ingawa kwa desturi yeye hakuwapo. Aliyekuwapo ni lipiko, mzimu mwenye uso wa mti, aliyefufuka ili awafukuze wanawake.

Ndani ya lipiko hamna mtu. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa, na kila mwanamume aliyetoka jandoni alikuwa ameapa: atakayemtaja mchezaji mbele ya wanawake hataiona mikorosho ikichanua tena. Watoto tuliamini. Mimi niliamini hata nikajikojolea.

Lipiko alimwendea mama, akamtikisia kichwa. Zainabu akalia hadi akakosa pumzi. Mama akatazama chini. Kidole gumba cha mguu wa mzimu kilikuwa kimefungwa kipande cha kanga yenye madoa mekundu, kanga yake mwenyewe. Asubuhi ile alikuwa amemfunga nacho Damiano, aliyejikata kwa jembe.

"Nyamaza, mwanangu," alisema. "Huyu ni Damiano tu."

Mjomba Selemani aliacha kupiga.

Likwata hakupandisha sauti. "Selemani, dada yako ana mdomo mwepesi. Asiguswe. Ila asisalimiwe."

Ikawa hivyo. Wanawake waliozoea kuteremka naye bondeni kuchota maji walitangulia, au walisubiri apite. Miezi michache baadaye Zainabu alishikwa na homa, akafa. Likwata aliwakataza wanawake wasije kumwosha. "Mzimu umechukua chake," alisema akiwa mlangoni kwetu, wala hakupiga hodi. Mama aliteremka bondeni peke yake, akapanda na mtungi, akamwosha mwanawe. Mimi nilishika kata. Mjomba alichimba kaburi.

Ndugu zetu wa Nanganga walimwita mama ahamie kwao. Alikataa. "Nikihama," alisema, "nani atamtazama Likwata?"

Akamtazama kwa zaidi ya miaka arobaini.

Mimi nilisoma, nikawa karani. Mwalimu wangu wa shule ya misheni alitufundisha kuandika jina la mtu kwa ukamilifu au tusiliandike kabisa, na somo hilo sijaliacha.

Biashara zilipofunguliwa, wanunuzi binafsi walipanda hadi uwanda wetu wa juu, kwanza wa korosho, kisha wa vitu vya kila namna. Asubuhi moja, nikiwa nimekuja kumsalimu mama, alifika kijana na pikapu akitafuta mapiko ya zamani, vile vinyago vya kichwa vya jandoni. Likwata, sasa mkongwe, aliyapanga kwenye mkeka kando ya barabara. Wanawake walichungulia ndani ya vichwa vile vya mti, wakaona uwazi mtupu, wakacheka.

Mama alikuja na fimbo yake, akainama mbele ya mkeka.

"Shikamoo, mzimu."

Wakacheka zaidi. Likwata naye alijaribu kutabasamu. "Mama Yusufu, hayo ya zamani. Siku hizi ruksa."

"Ruksa," mama alikubali. Akaligusa kwa fimbo lipiko la siku ile, akamgeukia kijana. "Mwanangu, usichukue kitu usichojua mwenyewe wake. Muulize hili lilichezwa na nani."

Kijana aliuliza, akaongeza kwamba lipiko lenye jina la mchezaji ndilo analolipenda zaidi. Likwata aliwatazama wanawake. Kisha akaitazama pikapu.

"Damiano Chilala," alisema.

"Sijasikia. Masikio ya uzee haya."

"Damiano Chilala."

"Ahsante, baba," mama alisema.

Njiani nilimwambia kwamba aibu ile inamtosha yule mzee. Akaniuliza jandoni niliapa nini.

"Mimi mwanamke," alisema. "Sikuapa chochote. Yeye ameapa."

Nimelifikiri sana jibu lile. Kwa elimu niliyopewa, siamini kwamba mzimu huua mtu. Hata hivyo nimeandika jina la Damiano hapa, nami niliapa kama wengine, na kila mwaka maua ya mikorosho yanapokaribia mimi hutoka nje mapema kuliko kawaida kuyatazama. Wapo wanaosema mama angesamehe. Hawakushika kata ile. Alichofanya ni kungoja hadi yule aliyemnyima mtoto wake waoshaji alitamke jina lilelile kwa kinywa chake, tena mara mbili. Sijamwonea Likwata huruma, na sitaanza uzeeni.

Mwaka ule mikorosho ilichelewa kuchanua. Mzee Hamisi Likwata alifariki siku ya Jumanne, ikiwa bado majani matupu.