Saa ya Meza ya Kwanza

Wachezaji walimwita Mama Dakika. Alikuwa fundi saa, na mbali na kutengeneza saa za watu alikodisha za kwake kwenye mashindano ya sataranji: visanduku vya mbao vyenye nyuso mbili, kila mchezaji na upande wake, na kibendera chekundu kinachoanguka muda ukimwishia, akawa ameshindwa. Mtu akimuuliza, "Una saa ngapi, mama?" hujibu, "Kumi na nane, na zote zinatembea," kisha hucheka peke yake.

Mwaka ule shemeji yake, kinyozi aliyemwoa mdogo wake, alifika fainali kwa mara ya kwanza, akiwa na miaka hamsini na miwili. Asubuhi ya fainali hiyo wapagazi waliangusha sanduku la saa ngazini. Nne zikapasuka. Meza zilikuwa kumi na tano, ya kwanza ndiyo ya fainali, kwa hiyo Mama Dakika akatoa mkobani saa aliyokuwa hajamaliza kuitengeneza, springi yake imechoka, akaiweka meza ya mwisho. Mwamuzi akaihamishia meza ya kwanza kwa sababu ndiyo iliyong'aa. Mama Dakika alimwona. Akajiambia, itavumilia.

Katikati ya mchezo kinyozi akainua mkono.

"Mwamuzi, saa hii inanikimbiza."

Mwamuzi akageuka. "Mama Dakika, saa yako ina kasoro?"

Ukumbi mzima ulimkodolea macho.

"Haina," akasema.

Kibendera cha kinyozi kilianguka akiwa karibu kabisa kumfunga mwenzake. Alimpa mkono, akachukua koti lake, akatoka.

Nyumbani Mama Dakika aliipima saa ile. Upande wa kinyozi ulitangulia dakika sita kwa saa moja. Akasema kesho atamwambia. Kesho ile ilikwenda miaka miwili, na kinyozi hakugusa tena ubao.

Kisha kiharusi kikampiga, mkono wa mkasi ukafa. Mama Dakika akawa anakwenda kumsaidia mdogo wake kumgeuza kitandani. Siku moja walibaki wawili chumbani.

"Shemeji, saa ile ilikuwa mbovu. Nilijua tangu asubuhi."

Kinyozi alitazama dari. Maneno yalimtoka kwa kuburuta.

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Miaka thelathini nanyoa kichwa kwa dakika kumi na mbili. Dakika nazijua. Nilikuwa nakungoja wewe useme."

"Nisamehe, shemeji."

Alifumba macho, lakini hakulala. Wiki hiyo hiyo akafariki.

Baada ya mazishi Mama Dakika aliwaeleza waandaaji. Wakasema matokeo hayabadiliki, na saa zake hawazihitaji tena. Aliporudi akamweleza na mdogo wake.

Mdogo wake hakugomba. Kesho yake alikuja na masufuria aliyoazimwa na dada yake wakati wa msiba, ameyasugua yakatakata. Akayapanga mlangoni moja moja, akaondoka bila kubisha hodi.