Bamba Alilolirudia Festo

Usiku ule nililala na nguo za kazini. Si kwamba nilikuwa nimechoka sana. Sikuona tu sababu ya kuzivua. Tangu tumzike Festo, mambo mengi nilikuwa nayaacha hivyo hivyo.

Festo alikuwa rafiki yangu na mwenzangu wa karakana, hapa Makambako. Tulitoboa mabamba ya chuma: ya majiko, ya vikaushio, na zaidi machekeche ya mashine za kusaga. Yeye ndiye aliyekaa na mteja wakapatana tundu liwe na upana gani, safu zikae vipi, na kati ya tundu na tundu kibaki chuma kiasi gani. Mimi nilishika mashine ya kutobolea. Asubuhi moja aliinama kuchora chekeche la Mama Faraja, mwenye mashine ya kusaga pale sokoni, akalaza shavu juu ya bamba kama mtu anayesikiliza kitu. Hakuinuka tena.

Jioni ya kuamkia usiku ule, Mama Faraja alirudi kuulizia chekeche lake.

"Matundu yabanane, baba," alisema. "Unga utoke upesi. Foleni yangu inafika barabarani."

Nikasema sawa. Nikachora kama alivyotaka, matundu yamesongamana mpaka ukingoni. Macho yaliona kwamba chuma kinachobaki ni chembamba mno. Moyo haukusema kitu.

Basi nikalala, nikajikuta karakanani, ila karakana haina kuta, na ukungu umetuzunguka. Festo ameketi juu ya kreti la soda. Amevaa suti tuliyomzika nayo, mikono ya koti ameikunja isichafuke. Sikushangaa. Sikufurahi pia. Nilimsogezea mchoro, kama ilivyokuwa desturi yetu.

Anapitisha kidole kati ya tundu na tundu.

"Nyundo za mashine zitapiga wapi?" anauliza.

"Hapo hapo."

"Hapa hapana chuma. Patachanika, na vipande vitaingia kwenye unga wa watu."

Anachukua chaki. Anapunguza safu, anazipishanisha, kila tundu likae chini ya nafasi iliyo kati ya mawili ya juu yake. Pembeni anaacha ukingo mpana usio na tundu hata moja. Chaki haitoi sauti. Ninapoinua macho, hatuko karakanani. Tuko uani kwake, bamba liko mapajani mwetu, na mkewe, Mama Upendo, anaanua nguo kwenye kamba, ametupa mgongo.

Msibani Mama Upendo alikuwa akirudia neno moja tu: kwamba asubuhi ile waligombana, na mume wake akatoka bila chai wala kwaheri. Nilisikia kwamba bado analirudia. Sikuwa nimekwenda kumwona.

Festo anamtazama.

"Mwambie sikuondoka na kinyongo," anasema. "Nilipofika njia panda hasira ilikuwa imekwisha. Nilipanga nirudi mchana tuyamalize."

"Mwambie mwenyewe."

"Mimi hanisikii. Wewe atakusikia, ila huendi."

Nataka kumwuliza kama huko aliko kuna baridi. Anakunjua mikono ya koti, anafunga vifungo taratibu, na ukungu unaingia uani mpaka simwoni tena.

Niliamka kunakucha, shingo imekakamaa. Nilikwenda karakanani, nikafuta ule mchoro na kuuchora upya kama nilivyoonyeshwa. Mama Faraja alipopita kwenda kufungua mashine, nikamwambia matundu yatakuwa machache na unga utatoka polepole.

"Na foleni yangu je?"

"Itasubiri, mama. Likiwa kama ulivyotaka wewe, litachanika, na watu watakula vyuma."

Alinuna kidogo, kisha akasema bora foleni.

Kutoka hapo nilikwenda kwa Mama Upendo. Nilimkuta mlangoni ameshika ufagio, hafagii. Nilimsalimu, nikamwambia, "Shemeji, nimemwota Festo. Ana neno lako." Nikampa maneno kama nilivyopewa, bila kuongeza langu. Sauti yangu ilitoka kavu, kana kwamba nasoma tangazo.

Hakulia. Aliketi kizingitini, nami nikachuchumaa mbele yake.

"Alisema angerudi mchana?"

"Ndivyo alivyosema, shemeji."

Aliangalia njia inayoshuka kwenda mjini.

"Na mimi nilikuwa nimeinjika makande anayoyapenda," alisema. "Nilitaka akirudi ayakute. Walipokuja kuniambia, chungu kilikuwa bado kiko motoni."