Idah na Wengu wa Nguruwe Mwitu

Hadithi hii sijawahi kuimaliza mbele ya watu. Nikifika katikati wanainuka, wanasema Zacharia ameanza. Basi leo nimeamua kuiandika, maana karatasi haina miguu ya kuondoka. Usipoamini, shauri yako, lakini utakaa hapo usikie.

Ni habari za Idah, binti ya dada yangu. Ni mfupi, mnyamavu, na anafanya kazi katika maabara ya mifugo. Kazi yake ni kupasua wanyama waliokufa na kusoma ndani yao kilichowaua. Sisi tulidhani angekuwa nesi. Kisu chake hakuna mtu huazima, hata Krismasi tukichinja mbuzi na visu vyote vikiwa butu.

Jumanne moja asubuhi nilimpata nguruwe mwitu kando ya mto, nyuma ya mashamba ya kahawa huku Ruiru. Nikamfunga kamba nikamburuta mpaka kwa jirani yangu Waceke, mjane anayefuga nguruwe kumi na wanane. Nguruwe hao ndio wanamsomesha binti yake Lynn kule Kahawa Wendani. Nikamning'iniza mnyama wangu kwenye ukuta wa banda lao, nikasimama kando na panga begani, nikaomba nipigwe picha. Nikatangaza nimemuua kwa pigo moja.

Majimaji yenye damu yakamtoka puani, yakadondoka kwenye kihori cha chakula. Nguruwe wa Waceke wakaja kunusa.

Waceke hakupiga kelele. "Zacharia, umewaletea nini watoto wangu?" Kisha akampigia Idah simu.

Idah alifika amevaa gamubuti, akazichovya kwenye ndoo ya dawa pale langoni. Akasema hakuna kuingia, hakuna kutoka. Akatandika nailoni chini.

"Anko, shika huu mguu."

Nikashika. Kwa sauti ile ile ya kuuliza bei ya nyanya, akatueleza homa ya nguruwe, ndiyo aliyokuwa anaihofia. Haishiki binadamu. Haina dawa. Nguruwe wa porini anaweza kuibeba miaka na asiugue, lakini ikiingia bandani, nguruwe wa nyumbani wanakufa wakifuatana. Wanaobaki wanauawa na serikali, wanazikwa wote shimo moja. Waceke akakaa chini kwenye vumbi.

Basi Idah akapasua. Kila kiungo anakigusa kwa mgongo wa kidole, kisha anakipa alama kwenye kijitabu, sifuri hadi tatu. Tatu ni kimeharibika kabisa. Mimi niliyeishia darasa la sita nilifurahi kusikia kuna mtihani ambao sifuri ndiyo kupita, lakini siku hiyo sikucheka.

"Wengu," akasema. "Ukiwa na homa hii huvimba, unakuwa mweusi, unavunjika kama ini lililooza. Huu kingo zake ni kali. Sifuri."

Waceke akavuta pumzi.

"Figo. Sioni vidoa vya damu. Sifuri. Tezi za tumboni..." Akaigeuza moja kwenye mwanga. "Zina wekundu kidogo. Moja."

Waceke akainama kuitazama hiyo moja kwenye kijitabu.

Halafu akafika kwenye shingo, mahali panga langu lilipopita. Akalitazama jeraha muda mrefu.

"Anko, ulimuua wewe, ama ulimpata amekufa?"

"Nilimuua. Pigo moja."

"Nyama ya aliye hai ikikatwa, damu inaingia pembeni mwa kidonda. Hapa pembeni ni peupe. Huyu alikatwa akiwa amekufa zamani." Hakuinua macho. "Kama alikufa mwenyewe porini, lazima nijue. Si ya kujisifu, Anko. Ni ya huyu mama."

Nikatazama mikono ya Waceke, ilivyokuwa imeshika leso. Nikasema ukweli. Nilimpata amelala, nzi wamemjaa. Panga lilikuja baadaye.

Idah akafungua kifua. Mbavu nne zimevunjika, mapafu yamejaa damu. Aligongwa na gari kule bypass, ile barabara kubwa, akaja kufia mtoni, akasema. "Hii inaniambia kilichomuua. Hainiambii alikuwa amebeba nini." Akatia vipande kwenye chupa. Majibu baada ya siku tatu, akasema.

Siku ya pili, mama nguruwe aliyekuwa amezaa wiki hiyo alikataa chakula. Akalala upande, watoto wanamsukuma hata hajali. Waceke alikaa mlangoni pa banda kutoka asubuhi, anahesabu pumzi za mnyama. Jirani zetu walipita upande ule mwingine wa barabara kama kuna matanga.

Idah akaja, akampima. Joto liko juu. Akatazama masikio, akatazama tumbo kama kuna wekundu. Akatoa damu, na wakati wa kuandika lebo ya chupa nikamwona amekosea tarehe, akaifuta. Huyo ni Idah, jamani. Hapo ndipo mimi nilianza kuogopa kwa dhati.

"Ni yenyewe?" Waceke akauliza.

"Sijui, mama. Sitaki kukudanganya."

Lakini mimi nilikaa. Weka hiyo akilini. Nilikaa kwa Waceke siku zote tatu, kama mwanaume, nikimshika huyo mama mkono. Siku ya tatu Idah akaja akikimbia na karatasi: nguruwe mwitu hana virusi, mama nguruwe hana, kumbe ni chuchu zimeingia usaha baada ya kuzaa, sindano na atapona. Waceke akalia. Na yule mama nguruwe, niamini, akasimama, akatembea moja kwa moja mpaka miguuni pangu, akapiga magoti, na wenzake kumi na saba wakapanga laini nyuma yake, mmoja mmoja, waka...

"Anko," anasema Idah, ambaye amesimama nyuma yangu akisoma na sikujua, "siku ya tatu ulikuwa Githurai, umezima simu."