Mama mdogo wa mtandaoni aliyekataa kuja kutoa pole nyumbani

Wakuu, habari za saa hizi. Hili limetokea ndani ya nyumba yangu na sijaongeza chumvi. Mwenye mtoto au mdogo wake anayeshika simu, tulia unisome.

Niko Bangwe, Kigoma. Wazazi wetu wote wametangulia. Mimi ndiye mkubwa, niliacha shule kidato cha pili ili wadogo zangu wasome. Nafuata mawese Kidahwe na kuyauza Katubuka.

Smartphone nyumbani ni moja, ya biashara. Anakaa nayo mdogo wangu Nuru, yuko form one, maana anajibu wateja vizuri. Nikijibu mimi, wateja wanadhani nimekasirika.

Sasa Nuru akapost picha ya marehemu mama kwenye ukurasa wetu wa mawese. Sijui mawese na marehemu vinahusiana vipi, lakini ilipata likes kuliko dumu lolote nililowahi kupost.

Ndugu wakajaa kwenye comments. Huyu anataja jina la utani la mama, yule anakumbusha alivyovuka ziwa kuja kuolewa Ujiji.

Haikupita muda akaingia inbox mtu mwenye picha ya mama mtu mzima, amevaa kilemba. Akasema yeye ni mdogo wake mama, yuko Kalemie, Congo, walipotezana kipindi cha vita.

Kwa watu wa huku hiyo siyo story ya ajabu. Mtaa wetu umejaa watu wenye ndugu ng'ambo ya ziwa wasioonana miaka. Akijitokeza mmoja, hatuulizi kitambulisho. Tunaongeza maji kwenye sufuria.

Nuru akampenda. Wakawa wanachati kila akitoka shule. Mimi sijui chochote.

Siku moja tunakula, Nuru akaniuliza, "Kaka, mtu akishuka bandarini, lodge ya karibu ni ipi?"

Nikaacha kutafuna.

Akanionyesha simu mwenyewe. Mama mdogo anakuja na vitenge, atafikia lodge, Nuru aende peke yake kuvichukua. Na asimwambie kaka, ni surprise.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kuitupa simu ziwani. Ila simu ndiyo duka. Na ningemnyang'anya, safari nyingine angemuuliza mtu mwingine lodge iko wapi.

Tukasoma chati yote kuanzia mwanzo, bega kwa bega. Nikamwambia anitafutie kitu kimoja anachokijua huyu mama mdogo ambacho hakimo kwenye zile comments. Alitafuta mpaka ugali ukapoa, hakukipata.

"Labda amesahau, kaka. Ni mtu mzima."

Huku kwetu ndugu aliyekosa msiba haanzii lodge. Anaanzia nyumbani. Anakaa mkekani, anatoa pole, analia hata kama amechelewa miaka, kisha anapelekwa kaburini. Nuru amewaona wageni wakifanya hivyo tangu akiwa mdogo. Nikamwambia amwandikie hivyo hivyo, kwa adabu. Kabla ya kutuma tukapiga screenshot kila kitu.

Akaandika: "Shikamoo mama mdogo. Kaka anakukaribisha. Tutakupokea bandarini wote pamoja na balozi wa mtaa, uje nyumbani utoe pole, kisha tukupeleke kwa mama."

Likaja jibu: "Si nilikukataza kumwambia? Makaburi mimi sipendi. Njoo wewe tu."

Nuru akaandika bila kuniuliza: "Lakini ni dada yako."

Tukablokiwa.

Kesho yake tulipeleka zile screenshot dawati la jinsia na watoto, polisi. Wanafuatilia.

Ila siku ile Nuru alilia kama mama amekufa jana. Sikumwambia "nilikwambia", maana sikuwa nimemwambia. Nikakaa naye mkekani. Jirani yetu Mama Riziki akasikia, akaja.

"Mmefiwa na nani?"

"Mama mdogo."

"Yupi tena?"

"Humfahamu. Hata sisi hatumfahamu."

Akatuangalia. "Haya, poleni," akasema, akavua ndala akakaa.

Nilichojifunza ni kwamba mtoto hafuati simu, anafuata mtu. Wetu alifuata harufu ya mama. Huwezi kumfungia hiyo kwa password. Kaa naye, msome pamoja, akuone wewe ndiye wa kuulizwa. Na akikuuliza swali la ajabu, usimrukie, maana hilo swali ndilo lililotuokoa.

Simu bado anayo. Tumekubaliana ndugu yeyote mpya anapitia kwangu kwanza, na anayesema "usimwambie kaka" ndiye wa kuniambia siku hiyohiyo. Picha ya mama hatukuifuta, tulifunga comments.

Jana ameniuliza, "Na kama mama ana mdogo wake kweli huko, ananitafuta, atanipataje sasa?"

Sijamjibu bado. Mwenye jibu la kumpa mtoto, aliandike hapa chini, nitamsomea.