Salamu Kando ya Kitanda

Mgonjwa wangu wa kwanza kule Columbus, ughaibuni, alikuwa mwanasesere wa plastiki, mkubwa kama mtu, na alikufa nikiwa namsalimu.

Nilikuwa muuguzi nikisomea ngazi ya juu, ile ya kumpima mtu mzima aliyezidiwa ghafla na kumwamulia tiba bila kumngoja daktari. Mwalimu alikaa nyuma ya kioo akimkoholesha yule mwanasesere kwa kompyuta. Kwetu milima ya Kivu Kusini, humshiki mtu mzima kabla ya kumjulia hali. Basi nikauliza habari za usiku, za nyumbani, za watoto. Kengele ya mashine ikalia: moyo umesimama. Wenzangu darasani wakacheka, nami nikakasirika.

"Ukirudia hivyo sitatia sahihi fomu yako ya kufuzu," mwalimu alisema. Bila sahihi yake, mwaka wangu mzima ungekwenda na maji.

Tangu hapo sikutulia. Ndani ya basi nilihesabu pumzi za abiria. Mama aliponipigia simu kutoka Buffalo, mji anakoishi, nikamrukia na maswali ya presha yake.

"We mutoto, donc, kwa hiyo salamu iliisha?" akauliza, akakata.

Wiki ya mwisho ya mazoezi hospitalini nilipewa mzee Mkongomani mwenzangu, mfanyakazi wa ghala, aliyevimba mguu. Karatasi ya vipimo vya asubuhi ilisema hali yake ni nzuri. Mwalimu alisimama mlangoni. Nikaenda moja kwa moja kwenye mguu. Mzee akavuta blanketi, akageukia ukuta.

Niliona aibu, na hofu pia. Nikamshika kiganja, macho kifuani pake.

"Jambo muzee. Muliamuka aje?"

"Muzuri... mutoto yangu. Mungu... anasaidia."

"Na batoto?"

"Batoto... beko..."

Hakufika kusema wako wazima. Mtu asiyeweza kumaliza salamu si mzima, karatasi iseme itakavyo.

"Pumzi inamkatika," nikamwambia mwalimu. "Nadhani damu iliyoganda mguuni imepanda mapafuni. Apigwe picha sasa hivi."

Picha ilionyesha ndivyo. Mwalimu alitia sahihi jioni ile bila kuongeza neno, nami nilitaka sana aongeze.

Siku ya tatu nilimkuta mzee ameketi. Salamu zake zilikuwa ndefu: watoto, wajukuu, kanisa, mvua. Sikuhesabu chochote. Kisha akanigeuzia salamu.

"Na mama yako, eko muzuri?"

Sikujua. Sikuwa nimempigia tangu siku aliyonikatia simu.