Waya wa Shaba Juu ya Nyumba ya Mama

Mama aliimba redioni mara moja tu maishani mwake, na kwa wiki tatu kabla ya siku hiyo mimi mwanawe ndiye niliyekuwa kizuizi kikubwa kati yake na wimbo wake.

Kwaya ya kanisa lake la Kisabato ilikuwa imepanda meli Homa Bay ikaenda Kisumu kurekodiwa. Mama ndiye aliyeanzisha wimbo. Mstari wa kwanza aliuimba peke yake, kisha wenzake wakaingia. Lakini fundi wa mitambo, alipomsikia akijaribu sauti, alimwambia arudi nyuma hatua tatu kwa sababu sauti yake ilikuwa kubwa mno kwa mashine. Akarudi nyuma. Waliimba, wakapewa chai, wakapanda meli kurudi. Tangu siku hiyo zile hatua tatu hazikumtoka kichwani. Aliamini kwamba mashine iliwachukua wenzake wote ikamwacha yeye nje, kama mtu aliyechelewa kufunguliwa mlango. Rafiki yake mmoja wa kwaya, waliyejuana tangu usichana, hakumsaidia hata kidogo.

"Usijali, wangu," alimwambia. "Wakisikia kimya pale mwanzo, watajua ni wewe."

Kisha barua ikaja kutoka redioni. Wimbo ungepigwa mara moja, Jumamosi ya wiki tatu baadaye, saa nane mchana.

Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Kampala na vitu viwili: digrii na redio ya betri. Digrii yenyewe ilikuwa ya historia, lakini kwetu, upande wa Ndhiwa, hakuna aliyeona tofauti. Aliyesoma hadi mwisho wa masomo bila shaka alikuwa amesoma na redio njiani. Shida ni kwamba wakati wa mchana Kisumu iliingia vibaya sana, sauti ikija kama mtu anayehutubia huku anakaanga samaki. Nikasema, kwa sauti ya mtu mwenye digrii, kwamba tunahitaji antena ya nje.

"Utaiweka wewe?" mama akauliza.

"Nitaiweka kabla ya Jumamosi hiyo."

"Kabla ya Ijumaa jua kuzama," akanisahihisha. Sabato yake ilianza hapo, na ikishaanza hakuna msumari uliopigwa wala kamba iliyofungwa kwenye nyumba yake.

Nikaenda Homa Bay. Mwenye duka, Mhindi mzee aliyevaa miwani juu ya paji la uso, aliniwekea mezani vitu viwili. Kimoja kilikuwa fimbo ya alumini ya vipande vinavyoungana hadi inakuwa ndefu kuliko nyumba. Kingine kilikuwa robota la waya wa shaba, pamoja na vishikizo vya kauri vya kuzuia waya usiguse kitu unachofungiwa. Nikamuuliza ipi inapokea mbali zaidi. Nikamuuliza kuhusu urefu, kuhusu kutu, kuhusu upepo wa ziwani. Nikamuuliza kuhusu radi, maana fimbo ndefu ya chuma katika nchi yetu ya radi niliiona kama mwaliko. Nikamuuliza iwapo ndege wakitua juu ya waya sauti itapungua. Alishusha miwani akanitazama vizuri.

"Bwana, unataka kusikiliza redio au unataka kuioa?"

Nilitoka mikono mitupu, nikafikirie kwanza. Wiki iliyofuata nikapanda basi hadi Migori kumuuliza fundi wa redio aliyesifiwa sana. Alisema nichukue waya, niachane na fimbo.

"Uwe mrefu kiasi gani?"

"Mpaka uishe," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Jibu hilo nililibeba mpaka nyumbani nikilipekua. Uishe wapi? Uishe kwa sababu boma limeisha, au kwa sababu waya umeisha? Nilipotokea tena kwenye duka la Homa Bay, mzee aliniona nikiwa bado barabarani. "Bwana harusi amerudi!" akawatangazia wateja wote.

Nilinunua waya.

Nilikuwa na kijitabu cha kuazima kilichoeleza mambo ya antena, na daftari langu la kuandika mashaka niliyoyapata kila nilipokisoma. Kijitabu kilisema waya wa pili utoke kwenye redio uende ardhini, ufungwe kwenye kipande cha chuma kilichozikwa, na udongo wa hapo usikauke. Basi nikazika chuma, na kila asubuhi na jioni nikawa nakimwagia maji.

Baba aliniangalia siku mbili. Siku ya tatu akamwita mama kwa jina la kwao, binti wa Karungu, kama wanaume wa kwetu wanavyowaita wake zao.

"Nyar Karungu! Njoo uone. Mtoto wako amepanda chuma, sasa anakimwagilia."

"Mwache," mama akajibu kutoka jikoni. "Akikipalilia ndipo uniite."

Habari zikaenea. Watu waliopita njiani wakitoka sokoni walisimama kwenye ua wakauliza tutavuna lini. Baba aliwajibu kwamba inategemea mvua. Yeye hakuwa mtu wa kanisa. Alikuwa akisema atabatizwa mwaka ule mama atakapoacha kumwomba abatizwe.

Waya ulitakiwa kutandazwa juu kati ya milingoti miwili. Ijumaa ile ilinikuta na mlingoti mmoja tu umesimama, wa mkaratusi, karibu na zizi la ng'ombe. Shimo la mlingoti wa pili nilikuwa nimelichimba mara tatu. La kwanza nililifukia kwa sababu niliona waya hautaelekea sawasawa na Kisumu. La pili lilikuwa karibu mno na jiko, nikaogopa moshi, ingawa kijitabu hakikusema lolote kuhusu moshi. La tatu likagonga mwamba. Jua lilikuwa limekaribia vilima. Mama alisimama mlangoni amekunja mikono, haniangalii mimi, analiangalia jua.

Nikapanda juu ya nyumba yake, nikaufunga mwisho wa waya kwenye osuri.

Osuri ni mti mwembamba unaosimama kileleni mwa paa la nyasi. Ikiwa imesimama, mwenye boma yu hai. Akifa, inaondolewa, na anayepita njiani huipata habari hiyo kabla hajaambiwa na mtu. Hilo nililijua kabla ya kujua kusoma. Lakini wiki tatu nzima nilikuwa nimefikiria radi, kutu, ndege na moshi, na kuhusu osuri sikufikiria hata dakika moja. Niliona tu kwamba iko juu, imesimama wima, na haihitaji shimo. Kijitabu kilisema waya usilegee. Nikauvuta ukakazika kama uzi wa nyatiti, zeze la kwetu.

Jioni ile Kisumu iliingia safi. Mama aliipapasa redio mgongoni, kama anavyopapasa ndama, akaenda kusali.

Jumamosi alikwenda kanisani. Baba alikuwa ndani anakunywa uji wa mchana, nami nilikuwa nageuza kitufe cha redio kushoto na kulia kuhakikisha jambo ambalo tayari nilikuwa nimelihakikisha mara nyingi. Nje alikuwapo fahali wa baba, aliyeachwa nyumbani kwa sababu ya mguu uliomuuma. Mlingoti mpya wa mkaratusi, wenye magome makavu na urefu unaofaa kabisa kwa shingo inayowasha, ulikuwa zawadi ambayo hajawahi kupewa. Akajikuna. Redioni nilisikia mchakacho, kisha juu ya kichwa changu kitu kikavunjika.

Nilitoka mbio. Mlingoti ulikuwa umelala upande, waya umeanguka uani, na osuri iko chini mbele ya mlango wa mama, vipande viwili. Nikashika kichwa kwa mikono yote miwili.

Wakati huohuo mwanamke mmoja jirani alikuwa anapita na kapu lake. Aliangalia paa. Aliangalia chini. Aliniangalia mimi, na kwetu hakuna mtu anayeshika kichwa namna ile kwa ajili ya redio. Alitupa kapu, akapiga nduru.

Nilijaribu kumweleza. Kosa langu ni kwamba nilianza mwanzoni, yaani Kisumu, kwenye kurekodiwa. Nilipofika kwenye duka la Homa Bay, ua ulikuwa umejaa watu, na kabla sijafika kwenye fahali wanawake wawili walikuwa wameshajitupa chini.

Baba akatokea mlangoni na kibuyu cha uji mkononi.

"Nani amekufa?"

Nduru zikakatika. Yule mwenye kapu akamnyooshea kidole.

"Wewe."

Baba akaangalia paa. Akaangalia vipande viwili pale chini, kwa muda mrefu, na uso wake haukuwa wa mzaha. Halafu akaniangalia mimi.

"Saa ngapi?" akauliza.

Hapo watu wakacheka, wengine huku machozi bado yanawatoka. Mzee mmoja jirani hakucheka. Alisema jambo hili si la kuachwa hivi. Baba alikubali. Kesho, akasema, atakata nyingine na itasimamishwa kama inavyotakiwa, wazee wakiwepo. Leo hapana, kwa sababu nyumba ni ya mkewe na siku pia ni ya mkewe.

Lakini nduru ilikuwa imeshafika kanisani. Tuliwaona wanawake wa kwaya wakija kwa mbio, mama mbele yao, viatu mkononi, kitambaa cha kichwa kimeanguka. Aliingia uani, akamwona baba amesimama na kibuyu chake. Akasimama. Pumzi zilimkata asiweze kusema.

"Umekula?" hatimaye akauliza.

"Ninajaribu," baba akajibu, "lakini wananizika kila nikinywa kidogo."

Mama aliketi chini palepale, akalia kidogo, akacheka kidogo, akajifuta uso. Kisha akaniuliza saa. Ilikuwa saa nane kasoro dakika chache.

Niliwasha redio. Samaki walikuwa wamerudi kikaangoni. Nikakimbilia ukutani nipande.

"Shuka," mama akasema. "Ni Sabato."

"Mama, ni wimbo wako."

"Na Sabato si yangu?" Aliutazama ule waya uani. "Wacha. Huenda hata simo." Akasogea nyuma, mbali na redio, akawapisha wenzake wakae karibu.

Baba alimwona akirudi nyuma. Akaweka kibuyu chini, akachukua kigoda, akauokota mwisho wa waya kwa panda ya fimbo yake ya kuchungia. Akapanda juu ya kigoda, akainua mikono yote miwili.

"Baba," nikasema, maana lilikuwa limenijia wazo, "hata kuinua ni kazi."

"Mimi si mtu wa kanisa," akajibu. "Tena nimekufa. Sabato inanihusu nini?"

Mkaango ukapungua. Rafiki wa mama akachukua uongozi mara moja, sikio lake limebanwa kwenye redio.

"Marehemu, inua kidogo! Kulia, marehemu. Hapana, kulia kwako. Hapohapo! Usipumue."

Mtangazaji akasema maneno yake. Kikafuata kimya, na rafiki wa mama akafumbua mdomo kusema kitu. Hakukisema. Sauti ya mama ilikuwa imeingia, peke yake, ikitokea mbali kidogo kama mtu aliye mwisho wa chumba kirefu, lakini kila neno lilisikika. Wenzake walipoingia, waliingia juu yake, na yeye akaendelea kusikika chini yao mpaka mwisho. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Kumbe ulikuwemo," rafiki yake akamwambia.

"Nyamaza," mama akasema. "Sijamaliza."

Wimbo ukaisha. Kwaya nyingine ikaanza, ya watu tusiowajua. Baba alikuwa bado amesimama juu ya kigoda, mikono juu, fimbo inatetemeka. Mimi nilikuwa nimeshatoa daftari, naandika urefu wake pamoja na wa kigoda.

"Shuka, umekwisha," mama akamwambia.

"Huenda wakaurudia."

"Hawarudii."

"Wewe pia ulisema, 'Huenda hata simo.'"

Hakushuka. Mama akainuka, akavikung'uta viatu vyake akavivaa, akaokota kibuyu cha uji. Akaenda akasimama mbele ya kigoda, akainua kibuyu mpaka mdomoni mwa baba, kwa kuwa mikono ya baba ilikuwa na kazi.